Kuongeza chuma kwenye shasi: wakati gani inasaidia, wakati gani inavunja gari

Kirolirwe iko kwenye barabara inayopanda kutoka Sake kwenda Kitshanga. Wakati barabara iko wazi, Fuso zinashuka hapo na viazi, maharagwe, makala, fromage na ng'ombe kuelekea Goma, kisha zinarudi na saruji, mabati, chumvi na sukari. Katikati kuna mawe ya volkano, mashimo, na mvua ikianza, kuna matope ambayo gurudumu linaweza kuzama mpaka kwenye ekseli. Gari ikikwama hapo na mzigo wa viazi, mwenye viazi anahesabu siku. Gari ikivunjika shasi, anahesabu hasara.

Ndiyo maana kwenye garaji nyingi za Masisi na Goma kazi moja hairudi nyuma: kuongeza chuma kwenye shasi. Wengine wanaita kudublé. Mwenye gari ananunua Fuso ya okazio, na kabla haijabeba hata gunia moja, anaipeleka kwa sudeer ili abandike plaki ya chuma pande mbili, kuanzia nyuma ya kabini mpaka mwisho. Wenye moto wanafanya vile vile na vyuma vya beto. Na vijana wa Goma wenye gari ndogo za kukimbia, Subaru na Toyota za chini, wanauliza kama ile bara ya chuma inayofungwa juu ya moteri, kama kwenye video, inaleta kitu.

Swali ni moja kwa wote: ile pesa inarudi? Jibu linategemea shasi inafanya kazi gani, na hapo ndipo watu wengi wanakosea.

Shasi ya lori imetengenezwa ipinde

Shasi ya Fuso ni kama ngazi. Kuna vyuma viwili virefu pembeni, longeroni, na vyuma vifupi vinavyoviunganisha katikati, traverse. Longeroni si boksi lililofungwa. Ukiikata utaona umbo la herufi C. Traverse zimefungwa kwa riveti au buloni, mara chache kwa kuchomelewa. Mtu anaweza kufikiri kiwanda kilifanya hivyo ili kupunguza gharama. Si hivyo.

Gari ikipita kwenye shimo kwa mshazari, gurudumu la mbele la kushoto linapanda na la nyuma la kulia linapanda pia, huku mawili yaliyobaki yanashuka. Shasi inakamuliwa kama mama anavyokamua nguo iliyolowa. Lame za lori ni ngumu, juu ya mzigo, kwa hiyo haziwezi kufuata shimo peke yake. Shasi inasaidia kwa kujipinda kidogo, magurudumu yote manne yanabaki chini, na barabara ikinyooka inarudi mahali pake. Riveti zinavumilia mchezo huo. Kuchomelea kunafunga kila kitu pamoja, na chuma kinachokataa kucheza kinaanza kupasuka.

Kwa hiyo kuna mambo mawili tofauti ambayo watu wanayachanganya. Moja ni kupinda kwa uzito: mzigo uko juu, katikati inashuka. Lingine ni kukamuliwa: mbele inazunguka upande mmoja, nyuma upande mwingine. Chuma kinachosaidia jambo la kwanza kinaweza kuharibu la pili.

Hesabu inaonyesha wazi. Chukua longeroni ya C yenye urefu wa milimita 180, midomo ya milimita 60 na unene wa milimita 6. Sudeer akifunga ule upande ulio wazi kwa plaki ya milimita 6, C inakuwa boksi. Nguvu ya kupinga uzito inaongezeka kama asilimia 30 tu. Lakini nguvu ya kupinga kukamuliwa inaongezeka zaidi ya mara 200. Mwenye gari alilipa ili abebe zaidi, akapata nyongeza ndogo kwenye kubeba, na gari ambayo sasa haikubali kujipinda hata kidogo mahali pale. Na kwa meta 4 za longeroni, pande mbili, ameongeza kilo kama 60 za chuma ambazo gari itabeba kila safari, bila mtu kuzilipia.

Nguvu yenyewe inaenda wapi? Inaenda mahali ambapo plaki inaishia. Kama nusu ya shasi imefungwa kuwa boksi na nusu imebaki C, kukamuliwa kote kunahamia kwenye ile nusu iliyobaki, na zaidi kwenye mpaka kati ya hizo mbili. Mafundi wa zamani wanajua jambo hili bila hesabu: shasi iliyodublewa vibaya haivunjiki kwenye plaki, inavunjika kidole kimoja baada ya plaki. Kisha mwenye gari anasema chuma kilikuwa kibaya, na anaomba plaki ndefu zaidi.

Mnyororo wa kuongeza

Mara nyingi shida haikuanzia kwenye shasi. Ilianzia kwenye mzigo.

Gari ya tani 7 inabeba tani 10, kisha 12. Lame zinalala, gari inagonga chini. Suluhisho la haraka ni kuongeza lame moja au mbili. Sasa gari imesimama vizuri, lakini lame ni ngumu zaidi, na kila jiwe ambalo zamani lilimezwa na lame linapanda moja kwa moja kwenye shasi. Shasi inapasuka. Wanadublé. Sasa shasi haipasuki, lakini jante zinapasuka, buloni za gurudumu zinakatika, na nyumba ya ekseli inaanza kuvuja. Breki nazo hazikuongezwa: ni zile zile za tani 7, na ule mteremko wa kushuka Sake haujali kama shasi ni mpya.

Hapa ndipo hatari ya kweli iko. Juu ya magunia mara nyingi kuna watu. Shasi yenye nguvu inamfanya shofeli aamini kwamba gari yote imekuwa na nguvu.

Chuma hakichoki kwa siku moja. Kinachoka kwa kupigwa mara elfu nyingi, na mahali palipochomelewa panachoka haraka kuliko pengine. Wahandisi wanatumia kanuni moja ya viungo vya kuchomelea: nguvu ikiongezeka mara mbili, maisha ya kiungo yanapungua mara nane hivi. Hata ukizidisha kwa robo tu, maisha yanakatwa karibu nusu. Gari iliyotakiwa kufika miaka 10 inafika 5, na haitoi taarifa.

Barabara nayo inalipa. Kwenye majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, walipitisha malori ya uzito mbalimbali juu ya barabara za majaribio mpaka zikaharibika. Walikuta kwamba uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, uharibifu wa barabara unaongezeka kama mara 16. Majaribio yale yalikuwa ya lami na beto, si udongo wa Masisi, lakini mwelekeo ni ule ule: gari zilizojaa kupita kiasi ndizo zinachimba mashimo ambayo baadaye yanavunja shasi zao.

Wakati gani kuimarisha kunafaa

Haina maana kwamba kazi hii ni ya bure siku zote. Viwanda vyenyewe vinatengeneza shasi zenye longeroni mbili, moja ndani ya nyingine, kwa magari ya mchanga na ya kubeba mbao. Kuna hali tatu ambazo fundi mwenye akili atakubali kuifanya.

Ya kwanza ni pale kazi ya gari imebadilika: gari ya karoseri ya kawaida imewekewa benne ya kumwaga mchanga, au tangi la maji. Benne ikinyanyuliwa, uzito mwingi unaingia kwenye sehemu ndogo za shasi. Pale chuma cha ziada kina kazi. Ya pili ni pale shasi imekwisha pasuka na lazima itengenezwe. Ya tatu ni pale aina fulani ya gari inajulikana kwamba inapasuka mahali pamoja kila mara, kwa mfano kwenye mkono wa nyuma wa lame za mbele, au nyuma ya kabini pale karoseri inapoanza. Pale, kipande kifupi kilichokatwa vizuri kinashinda plaki ya meta 4.

Kukatwa vizuri ni nini? Mwisho wa plaki usiwe mraba. Ukatwe kwa mshazari, kama ncha ya panga, ili nguvu ipite polepole kutoka kwenye chuma kinene kwenda kwenye chuma chembamba. Plaki ibandikwe kwenye ule uso mpana wa pembeni, si kwenye midomo ya juu na ya chini ya C. Midomo ndiyo inabeba sehemu kubwa ya kazi ya uzito. Viwanda vinakataza kuichomelea au kuitoboa. Tundu moja dogo kwenye mdomo wa chini, lililotobolewa ili kufunga waya au kipande cha karoseri, limevunja shasi nyingi kuliko mashimo ya barabara.

Kama kuna nafasi, buloni ni bora kuliko kuchomelea. Ziwe buloni ngumu, na zitumie matundu ambayo kiwanda kilishatoboa. Buloni haipashi chuma moto. Longeroni za malori ya sasa ni chuma cha nguvu ya juu, na moto wa posti ya kusude unakilainisha pembeni mwa mstari. Mstari unaonekana mzuri, lakini sentimeta moja kando yake chuma si kile kilichotoka kiwandani.

Kwa ufa uliokwisha kuonekana, kazi iko na utaratibu wake. Kutafuta mwisho halisi wa ufa, ambao mara nyingi uko mbele kuliko jicho linavyoona. Kutoboa tundu dogo pale mwishoni ili usiendelee. Kuchimba ufa kwa meule mpaka uwe mfereji wa umbo la V, ili bageti iingie mpaka chini na si kupaka juu juu kama siagi. Kuondoa nyaya za betri kabla ya kuwasha posti, la sivyo alternateri na vyombo vya elektroniki vinaungua. Kuweka waya wa masi karibu kabisa na mahali pa kazi, ili mkondo usipite kwenye ruluma za magurudumu na kuzichoma. Na gari iwe tupu, imesimama sawa juu ya magogo. Shasi iliyochomelewa ikiwa imepinda itabaki imepinda.

Bageti nazo si zote sawa. Zile rahisi zinazopatikana kila duka, 6013, zinawaka vizuri lakini hazikutengenezwa kwa kazi hii. 7018 ni bora, ila inachukia unyevu. Baridi na ukungu wa milima ya Masisi vinaingia kwenye paketi iliyofunguliwa, na bageti iliyolowa inaacha hidrojeni ndani ya chuma. Ufa mpya unaweza kutokea siku moja au mbili baada ya fundi kulipwa. Kiwanda kinataka bageti hizo zirudishwe kwenye oveni ya nyuzi 300 na zaidi. Mbabula haitoshi. Ni afadhali kununua paketi ndogo na kuimaliza siku ile ile. Na grupu ndogo inayopanda na kushuka mkondo haifanyi kazi ya shasi, hata kama inatosha kwa mlango wa nyumba.

Kuna jambo moja la bei ndogo ambalo linasaidia kuliko plaki. Kati ya karoseri na shasi kuwe na mbao ngumu, ndefu, upande kwa upande, na mbao hiyo ichongwe nyembamba kwa mbele. Zile bride za mbele, nyuma ya kabini, zisikazwe mpaka mwisho. Zipewe nafasi kidogo au ziwekewe resori. Karoseri nzito iliyokazwa kwa nguvu pale mbele inaizuia shasi kujipinda, na ndiyo sababu ya nyufa nyingi za nyuma ya kabini. Wachonga chukudu wanajua siri hii. Chukudu inabeba mamia ya kilo juu ya mawe bila lame wala amortiseri, juu ya mti wake unakubali kucheza.

Na gari za kukimbia?

Gari ndogo nyingi, pamoja na RAV4 na zile Subaru, hazina shasi ya ngazi. Sanduku lote la gari ndilo shasi: mabati yaliyounganishwa kwa maelfu ya nukta za kuchomelea. Hapa hesabu inageuka. Sanduku likiwa gumu ni faida, kwa sababu amortiseri na resori zinafanya kazi yao peke yao na shofeli anajua gari itakwenda wapi kwenye kona.

Lakini faida hiyo inaonekana tu kama gari iko na mapine yanayoshika sana, resori ngumu na lami laini. Bara ya kuunganisha vichwa viwili vya amortiseri, hasa ile yenye viungo vya buloni vinavyocheza, kwenye gari ya kila siku inaleta kidogo sana. Kwenye barabara za Goma, pesa ile ile ikinunua amortiseri mpya, silentbloku na rotile, gari itabadilika mpaka abiria wa nyuma atauliza kumefanyika nini. Gari ya umri wa miaka 20 inayoyumba, mara nyingi inayumba juu ya kaučuku zilizokwisha, si juu ya sanduku laini.

Wale waliofanya kazi hii kwa kweli ni watu wa mashindano. Safari Rally ilianza 1953 ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi ilikuwa inavunja magari kuliko mashindano mengine. Joginder Singh aliishinda 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Peugeot 504, gari ambayo wazee wa Kivu wanaikumbuka vizuri, ilishinda 1975 na 1978. Timu za rally zinaongeza nukta za kuchomelea kwenye sanduku, zinakaza mahali amortiseri zinapofungwa, na ndani zinaweka kizimba cha mabomba. Ila wanafanya hivyo pamoja na amortiseri ndefu zinazomeza jiwe, mafundi wanaongoja kila kituo, na gari inayofunguliwa yote baada ya safari. Na hakuna anayepakia magunia.

Kwa mtu wa Masisi aliye na gari ya sanduku, somo moja tu linatoka huko: kichwa cha amortiseri. Pale ndipo bati linapasuka kwenye barabara mbaya. Kufungua kapo, kusafisha, na kutazama kama rangi imepasuka kuzunguka zile buloni tatu ni kazi ya dakika tano.

Moto

Kwenye moto za kazi, TVS na Boxer, shida inafanana na ya lori lakini chuma ni chembamba zaidi. Bomba la kadre ni kama milimita 2. Bageti nene inalitoboa. Vyuma vya beto vinavyoongezwa chini ya kiti vinashika mzigo vizuri, kisha kadre inakatika pale vinapoishia. Mahali pa kutazama kila wiki ni shingoni, chini ya gido, pale amortiseri za nyuma zinapofungwa juu, na kwenye mkono wa gurudumu la nyuma.

Portbagaji ndiyo inaweza kuongezwa chuma bila wasiwasi mkubwa, mradi uzito ukae mbele ya ekseli ya nyuma. Shingo ni jambo lingine. Shingo iliyopasuka haitengenezwi pembeni mwa barabara kwa bageti mbili. Ikikatika kwenye mteremko, gurudumu la mbele linaondoka na shofeli anabaki na gido mikononi. Kadre ya okazio isiyo na ufa ni ghali, lakini ndiyo kazi sahihi.

Kabla ya kununua

Magari mengi ya okazio yanafika Goma yakiwa yamekwisha fanya kazi miaka mingi kwingine. Anayekwenda kununua Fuso abebe tochi na brosi ya chuma, aingie chini kabla ya kuwasha moteri. Mstari mwembamba wa kutu unaotoka kwenye riveti, kama machozi mekundu, unaonyesha riveti imelegea. Rangi nyeusi mpya kwenye sehemu moja tu ya shasi ni lazima ikwanguliwe. Asimame nyuma, atazame mtu mwingine akiiendesha mbele pole pole mahali pakavu: kama magurudumu ya nyuma hayafuati mstari wa yale ya mbele, gari inatembea kama kaa, shasi imepinda au ekseli imehama.

Kwa Land Cruiser, longeroni zake nyingi zimefungwa kama boksi, na matope yanaingia ndani na kukaa. Kutu inakula kutoka ndani wakati nje bado kuna rangi. Kugonga kwa nyundo ndogo kutoka mbele mpaka nyuma kunatosha: chuma kizima kinalia, chuma kilichooza kinajibu kwa sauti nzito. Vitundu vidogo vya chini ni vya kutolea maji. Vikiwa vimezibwa na matope, au na plaki ya mtu aliyetaka kuimarisha, bei ishuke au mnunuzi arudi nyumbani.